Milango Yenye Viraka

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nampigia baba pasi shati lake jeupe. Alikuwa amestaafu tangu Juni na hapakuwa na ofisi iliyomngoja, lakini shati lilipigwa pasi vilevile. Mimi nilisimama mezani na pasi ya mkaa. Yeye alikaa na singileti, akitafuna buni za kahawa na kusoma gazeti la jana. Hatukusemezana mpaka shati liishe. Huo ulikuwa utaratibu wetu tangu mama yangu, Demetria, alipofariki miaka sita nyuma.

Asubuhi moja sikuifikia kola. Baba alinyoosha mkono, akanipokonya pasi, akatoka nayo uani na kumwaga makaa yote mchangani.

"Vaa viatu vya kutembelea," alisema. "Nimepata nyumba."

"Nyumba ipi, Tata?" Kwetu baba ni Tata, hata mtu akizeekea mjini.

"Ukiiona utaijua. Na hiyo sura ya msibani iache hapa hapa."

Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka 1976. Tulikaa Kurasini, kwenye kota za wafanyakazi wa bandari, na ruhusa yetu ya kukaa pale ilikuwa inaisha Desemba. Baba, Theonest, alikuwa karani bandarini kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kukagua mizigo iliyoharibika safarini: anafungua, anatazama, anaandika imeharibiwa na nini na kwa kiasi gani, anatia sahihi. Makuli walimwita Mzee Kataa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ardhi mwaka uliotangulia, nikaajiriwa kuchora ramani. Kazi hiyo ilinifaa. Mtu anaweza kuinamia meza siku nzima bila kusema neno, na watu wakamsifu.

Ndani ya mkoba wangu, chini ya leso, kulikuwa na barua. Ilisema kwamba ombi langu la kuhamia Dodoma, kwenye kazi za mji mkuu mpya, limekubaliwa, na kwamba niripoti mwanzoni mwa Januari. Nilikuwa nimetembea nayo kwa majuma matatu. Baba hakuwa na habari ya barua. Wala hakujua kwamba uhamisho huo niliuomba mwenyewe.

Tulishuka basi Temeke, tukatembea karibu saa nzima. Mahali penyewe paliitwa Mchanga Mweupe, na jina halikudanganya. Nyasi zilikatika chini ya viatu kama makapi. Mikorosho ilikuwa na vumbi hadi kileleni. Baba, aliyezaliwa upande wa Bukoba ambako mwezi hauishi bila mvua kupita, alitazama huku na huku kwa dharau.

"Jangwa tupu," alisema. "Lakini ngoja."

Tukaingia kwenye njia pana ya mchanga, upana wa malori mawili, iliyopinda kati ya kingo mbili fupi za udongo. Kulikuwa na alama za matairi ya lori la kubebea mchanga wa ujenzi. Baba akachangamka.

"Unaiona barabara hii? Lori la mizigo litakufikisha mlangoni. Nani pale Kurasini ana barabara kama hii?"

Mimi nilikuwa natazama kingo. Mizizi ya mkorosho mmoja ilining'inia hewani, udongo wake umeondoka. Kwenye matawi yake ya chini kulikuwa na nyasi kavu zilizonasa, zote zimelalia upande mmoja.

"Tata," nilisema, "hii si barabara."

"Ni nini?"

"Ni mto."

Alisimama. Akaupiga mchanga kwa kisigino, vumbi likaruka mpaka kwenye suruali yake.

"Maji yako wapi?"

Hakuningoja nimjibu. Kwetu mto ni maji. Mto Kagera haukauki, hata vijito vya kuchotea kwa kibuyu havikauki. Kumwambia mzee wa kwetu kwamba mchanga mkavu huu, wenye alama za matairi, ni mto, ni kumwambia kitu kisicho na umbo. Mtoto yeyote wa Pwani angelijua hilo. Baba alikuwa amekaa Pwani miaka ishirini na tisa, lakini yote aliikaa ndani ya ghala.

"Miaka mitatu ya chuo," alisema, akiendelea kutembea. "Serikali imekulisha, imekulaza, imekununulia penseli, ili uje uniambie mchanga ni mto."

Nyumba ilikuwa ya nne kutoka kwenye mchanga ule. Ilikuwa ya miti na udongo, imepakwa chokaa, ina bati jipya na vyumba vinne. Nyuma yake, katikati ya ukame wote ule, kulikuwa na migomba. Ilikuwa kijani, mizito, na mikungu imeinama. Baba aliivulia kofia. Nilijua amekwisha. Mtu wa kwetu akiona mgomba umestawi hivyo, haulizi tena habari za ardhi; hapo ndipo kibanja, hapo ndipo mtu anaishi na ndipo anazikwa. Niliiona migomba ile nami nikajua inakunywa kutoka wapi.

Mwenye nyumba aliitwa Fakihi, seremala mzee kutoka kusini, mfupi, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Yeye na mkewe walitaka kurudi kwao. Mkewe, Mwanakombo, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, na hakuinuka.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Huyu ndiye msomi?" Alimuuliza baba, si mimi. "Mbona mdogo hivi? Nilidhani msomi huwa na kitambi."

Kizingiti cha mlango kilikuwa cha saruji, kimeinuka hadi magotini. Ilibidi kunyanyua mguu kama mtu anayepanda mtumbwi. Mlango wenyewe ulikuwa mzuri, wa mninga, lakini sehemu yake ya chini ilikuwa mbao nyingine, nyeupe zaidi, zimeungwa kwa ustadi mkubwa. Nikageuka nikatazama nyumba ya jirani. Mlango wake nao ulikuwa na kiraka cha chini. Na wa pili yake. Na ule wa ng'ambo.

"Umekuja kununua nyumba au kuiposa?" Mwanakombo aliuliza. "Macho yako yako chini ya mlango tangu umekuja. Bati hukuliona?"

"Samahani, mama. Hizi mbao za chini..."

"Mchwa."

"Kote?"

"Mchwa hawabagui. Ni wajamaa."

Fakihi alicheka kwa adabu, baba akacheka kwa nguvu. Nilitaka kusema kwamba mchwa wa Mchanga Mweupe wana nidhamu kuliko jeshi, wanakula hadi magotini halafu wote wanashiba siku moja. Sikusema. Maneno kama hayo hunijia vizuri sana kichwani, na hapo hapo hufia.

"Njoo uone," baba aliniita ndani. Alikuwa amesimama na Fakihi katika chumba cha nyuma, amenyoosha mikono kama mtu anayepima kitambaa. "Hiki ni cha huyu Auleria. Dirisha la mashariki. Meza yake ya kuchorea hapa, kitanda pale."

"Na akiolewa?" Fakihi aliuliza.

"Akiolewa atamleta mume hapa hapa."

"Huyu?" Mwanakombo alisema kutoka nje. "Na hiyo sauti ya kifaranga? Huyo mume atamsikiaje?"

Tuliporudi kwenye ule mchanga, baba alikuwa na furaha ya ukali, ile anayokuwa nayo mtu aliyekwisha kata shauri. Nilijitahidi.

"Tata, si Ta Gaudens amekuandikia? Nyumba ipo kule, kibanja kipo. Amesema urudi."

Gaudens ni mdogo wake, nami namwita Ta kwa heshima; anakaa kwenye kibanja cha babu.

"Gaudens." Alitema maganda ya buni. "Nikakae barazani kwa mdogo wangu kama mgeni, mkewe aniulize kama nimeshiba. Sikiliza. Ningekuwa peke yangu ningekwenda. Mzee mmoja na sanduku moja hana haja ya nyumba. Angepanda treni kesho. Nanunua kwa sababu yako. Kiinua mgongo changu chote nakiweka pale ili wewe usiwe mtu wa kupanga vyumba Buguruni, wa kugongewa mlango na walevi. Sasa wewe nipigie kelele za mchanga."

Basi nililijua hili tangu siku ile. Kulikuwa na njia mbili za kumzuia baba. Moja ilikuwa kumthibitishia kwamba nyumba ile inaingiliwa na maji. Ya pili ilikuwa sentensi moja fupi. Nilichagua maji, kwa sababu maji hayana uso.

Juma lile nilibaki ofisini baada ya kazi na kuchora. Niliitafuta picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani, nikauchora mto wenyewe unavyotoka kwenye vilima na kushuka, nikaipaka rangi ya buluu nyepesi sehemu yote ambayo ingezama. Nyumba ya Fakihi niliiweka kwa nukta nyekundu. Sikumkabidhi baba mkononi. Niliiacha mezani, pembeni ya gazeti lake, nikaenda kulala.

Asubuhi niliikuta. Alikuwa ameikunja kwa unadhifu na kufungia buni.

"Karatasi nzuri," alisema. "Nzito. Nunua nyingine."

Nilimpigia pasi shati lake. Nikaibonyeza pasi mno, nikaunguza kidogo pindo la shati, mahali pasipoonekana. Alipoliona alilichomeka ndani ya suruali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ofisini nilikuwa na mwenzangu mmoja, Elinaza, ambaye mumewe alikuwa fundi wa kujenga. Aliniazima mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi hutia maji na kusawazishia kuta. Kokote utakakozipeleka ncha zake mbili, maji husimama usawa mmoja. Jumamosi baba alipokwenda kupima madirisha kwa ajili ya nondo, nilimfuata na mpira ule begani.

"Nishikie ncha hii, Tata. Mara moja tu."

"Nini tena?"

"Wewe hukuamini karatasi. Hii si karatasi."

Alishika kama aliyeshikishwa nyoka. Nilimweka mlangoni kwa Fakihi, nikamwambia anyanyue mpaka maji yafike juu ya kiraka, pale mbao nyeupe zinapokutana na mninga. Mimi nikauburura mpira hadi mlango wa jirani wa juu. Kiraka cha pale kilikuwa kifupi, shibiri moja tu. Maji yalisimama juu yake, sawasawa. Nikashuka hadi mlango wa chini, ulio karibu zaidi na mchanga. Kiraka cha pale kilifika kwenye nyonga zangu. Maji yalisimama juu yake, sawasawa.

Majirani walikuwa wametoka.

"Wanapima kaburi?" mwanamume mmoja aliuliza.

"La nani?"

"La biashara ya Fakihi."

Walicheka, lakini hawakunitazama vizuri. Baadhi yao walikuwa na nyumba za kuuza.

"Toka mlangoni kwangu!" Mwanakombo alikuja na ungo mkononi. "Nimekwambia mchwa! Mtoto gani huyu, anazunguka milango ya watu na utumbo wa mpira? Mama yake hakumfunza?"

"Mama yake amekufa," baba alisema.

Hakusema kwa huruma. Alikuwa ameinama kwenye kiraka, miwani puani, kidole gumba kikipita kwenye ungio la mbao. Nilimwona akiwa kazini. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa kazini.

"Mstari wa maji," alisema. "Nimekataa shehena nzima za nguo kwa mstari kama huu. Ndugu Fakihi, viraka hivi kaweka nani?"

Fakihi alikuwa amesimama nyuma ya mkewe. "Mie."

"Vyote?"

"Vyote vya mtaa huu ni kazi yangu."

"Basi wewe ni shahidi mzuri. Mara ngapi?"

Mwanakombo alitaka kusema, mumewe akamgusa bega. "Mara nne, kwa miaka kumi na minne. Masika makubwa tu. Yanakaa siku mbili, tatu, yanakwenda zake. Mie nimekaa hapa, nimekufa?"

"Yanachukua muda gani kupanda?"

Fakihi alitazama chini. "Mama huyu akibandika wali, hauwahi kuiva."

Nilikunja mpira wangu, maji yakanilowesha gauni, na nilikuwa na furaha niliyoionea haya. Nilidhani nimeshinda. Nilidhani nimempa baba ukweli wote aliohitaji, na nimebaki na wangu.

Njiani baba alinitangulia mpaka kwenye kituo cha basi. Kisha akaanza.

"Kizingiti tutakiinua shibiri mbili. Nyuma tutachimba mfereji. Vitanda tutaviweka juu ya matofali. Vyeti vyako vitakaa kwenye sanduku, na sanduku juu ya kenchi za paa."

"Tata! Umeona mwenyewe!"

"Nimeona. Mzigo uliolowa haukataliwi wote, wee mtoto. Unauchambua. Mara nne kwa miaka kumi na minne. Mimi nina miaka hamsini na saba. Nifanyie hesabu, wewe msomi, nitalowa mara ngapi kabla sijafa?"

"Na yakija umelala? Sikio lako la kushoto halisikii. Ukilalia la kulia husikii hata kengele ya kanisa."

"Ndiyo maana nimekupa chumba cha upande wa mto. Utayasikia wewe kwanza."

"Halafu?"

"Halafu utaniamsha."

Alilisema kama jambo lililokwisha andikwa na kutiwa sahihi. Basi lilikuja, tukapanda, tukakaa viti viwili tofauti. Nilitazama kisogo chake njia nzima. Mahesabu yake yote yalisimama juu ya kitu kimoja, na kitu hicho ni mimi, na mimi nilikuwa na barua mkobani. Kizingiti, mfereji, matofali, vyote hivyo vilikuwa mapambo. Kinga yake dhidi ya mto ilikuwa binti anayelala chumba cha pili.

Kwa siku kumi nilijaribu kusema. Nilijaribu wakati wa pasi, nikaishia kuuliza kama anataka wanga zaidi. Nilijaribu kuandika, nikakumbuka ramani na buni. Usoni alikuwa mkali kuliko kawaida, ananikosoa chumvi, ananikosoa viatu, kila ninapofungua mdomo anasema, "Maji tena?" Mara moja nilimjibu, "Sina lingine la kusema," na huo ulikuwa uongo wangu mkubwa kuliko wote.

Siku ya kuandikishana ilikuwa Jumapili ya pili ya Oktoba, baada ya misa. Bado mvua ya vuli haikuwa imeanza, lakini mbali, juu ya vilima, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Kule kwenye vilima ndiko mto ule unakotoka. Nilikuwa mtu pekee aliyeyatazama.

Balozi wa nyumba kumi aliitwa Jabiri, mwanamume mrefu aliyevaa kaunda suti na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na utaratibu wake mwenyewe wa mauziano, alioubuni, alisema, baada ya kesi mbili za ndugu waliojitokeza pesa zikishaliwa.

"Hapa kwangu, kabla kalamu haijashika karatasi, muuzaji, mnunuzi na wenye damu yao wote wanasimama nje ya nyumba. Nawauliza. Asiye na neno anavuka kizingiti anaingia. Mwenye neno anabaki nje, analisema mbele ya watu. Baadaye sitaki mtu aje ofisini kwangu na machozi. Tumeelewana, ndugu?"

"Tumeelewana," watu waliitikia. Walikuwa kama kumi na watano. Wale waliocheka ule mzaha wa kaburi walikuwapo.

"Ndugu Fakihi."

Fakihi alinyanyua mguu, akavuka.

"Bi Mwanakombo."

"Mie nina neno gani? Mie nataka kwenda kwetu nikalale nchi kavu." Akasita, akang'amua alichosema, akavuka haraka huku akimsonya Jabiri kana kwamba ndiye aliyelisema.

"Ndugu Theonest, mnunuzi."

Baba alivuka. Alikuwa amevaa shati jeupe nililolipiga pasi alfajiri ile. Kola ilikuwa imesimama vizuri. Akageuka ndani ya mlango na kunitazama, kizingiti kile cha saruji kikiwa kati yetu.

"Binti wa mnunuzi."

Nilibaki pale nilipokuwa.

Nilikuwa nimejiambia kwamba kubaki kutatosha, kwamba miguu yangu itasema kwa niaba yangu. Watu waligeuka. Mtu mmoja alikohoa.

"Binti," Jabiri alisema, "unavuka au una neno?"

"Nina neno," nilisema.

"Hatusikii huku nyuma!"

"Kifaranga kimeongea!"

"Ninyi, tulieni. Sema, binti."

"Nyumba hii inaingiliwa na maji."

Walipiga kelele wote kwa pamoja. Mwanakombo alitoa kichwa dirishani, dirisha la mashariki, la chumba kile. "Ametuchosha huyu! Maji, maji! Anatuharibia jina la mtaa, halafu jioni anarudi zake kwenye kota za serikali kulala juu ya saruji!"

"Maji tunayajua sote, binti," Jabiri alisema, bila ukali. "Mnunuzi ameelezwa?"

"Nimeelezwa," baba alisema. "Nimepimiwa hata kwa mpira. Hilo nimekwisha mjibu. Hana neno, Ndugu Balozi, ana haya tu mbele za watu. Vuka, Auleria."

"Tata, wewe husikii ukilala."

"Na mimi nimekwambia utaniamsha. Vuka."

"Ana bwana mjini," Mwanakombo alisema. "Hilo tu. Anaogopa bwana hatafika huku."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Uso wake ulibadilika, akamwangalia yule mama, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba niliona kwamba ananiuliza kitu kweli. Ukali wote ulikuwa bado upo, mdomoni, kwenye nyusi. Lakini chini yake alikuwa mzee aliyechelewa kuamka na hajui nyumba ina nani.

"Unaogopa nini?" alisema. "Mara zote hizi unaniambia maji. Mimi ni mkaguzi, najua mtu akinionyesha gunia la juu ili nisifungue la chini. Kuna nini chini? Sema, nami nitakujibu. Ukinyamaza natia sahihi."

Akaunyoosha mkono wake juu ya kizingiti, kiganja wazi, kunisaidia kuvuka. Jabiri alikuwa ameshaifungua kalamu.

Niliutazama mkono ule. Ulikuwa na madoa meusi ya buni kwenye vidole. Ningeushika, ningevuka, na tungeingia wote, na Januari ningekuwa nimelala chumba kile nikisikiliza mchanga kila usiku wa masika mpaka mmoja wetu afe. Au ningeushika na bado nikaondoka, naye angekuwa amenunua. Hilo la pili ndilo lililonifungua kinywa. Nilifungua mkoba, nikaondoa leso, nikaitoa barua na kuiweka kwenye kiganja chake. Hakuitazama.

"Sema kwa mdomo," alisema.

"Sitakuwapo kukuamsha, Tata," nilisema, na safari hii hata wa nyuma walisikia. "Nahamia Dodoma. Hawakunipeleka, niliomba mwenyewe, kwa sababu sitaki tena kukaa na wewe. Hapa sitaki, na hata ungejenga juu ya kilima nisingekuja. Rudi nyumbani kwa Ta Gaudens."